Namba Tisa Kwenye Orodha ya Mwalimu

Gari lililopita mikononi mwa mume wangu Karimu halikuchemka njiani hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu mkikutana naye leo hatawaambia. Siku hizi anasimama kwenye maegesho ya duka kubwa kule Randburg, hapa hapa Johannesburg, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, anawaonyesha watu pa kuegesha, na mtu akifungua boneti mbele yake anageuza uso. Miaka kumi na tano alikuwa fundi, tena fundi hasa, si wa kubahatisha na nyundo. Watu wananiuliza kwa nini ameacha. Nawajibu mgongo unamsumbua, na huo ni uongo.

Alizaliwa Tanga, Ngamiani, na ufundi aliupata kwa mzee mmoja mkali aliyeitwa Mselem. Enzi hizo magari yaliyopanda Lushoto kutoka Mombo yalikuwa yakifika Soni yanafuka mvuke, abiria wameteremka, utingo anahangaika kutafuta maji. Dawa ya Mselem ilikuwa moja. Unafungua pale mpira wa maji unapoingia kwenye injini, unatoa themostati, unaitupa, unafunga. Kwa wasioijua, themostati ni kidude kidogo cha shaba, kinaenea kwenye kiganja, na kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kikikwama, gari linachemka. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote na injini inabaki baridi. "Kitu cha nchi za baridi hicho," Mselem alikuwa akisema, "sisi hakituhusu." Karimu alilishika neno hilo akaja nalo mpaka Johannesburg.

Hapa tulipanga chumba Mayfair, mtaa wa nyuma ya msikiti. Mimi nakaanga sambusa kwa ajili ya maduka ya Wasomali, yeye akapata kiwanja Troyeville, nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja mzee asiyependa kelele. Wateja wake wakawa Wakongo. Wakongo wa hapa wakienda kwao Lubumbashi hawaendi mikono mitupu. Kombi inajazwa magodoro, friji, viti vya plastiki, mpaka matairi yanalia, halafu inavuka Zimbabwe na Zambia, inateremka bonde la Zambezi kwenye joto la tanuri na kupanda tena upande wa pili. Kombi za watu wengine zilikuwa zinafia pale. Zilizotoka kwa Karimu zilipita. Habari zikaenea kanisani kwao kwamba yuko Mtanzania Troyeville, mswalihina, asiyeongopa, gari lake halichemki. Siri ya yote ilikuwa ile ya Mselem, na mimi niliijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Ndivyo alivyotufikia Mwalimu Évariste. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayevaa tai hata Jumamosi. Aliwahi kwenda Lubumbashi kumzika mama yake kwa gari lililotengenezwa na Karimu, akarudi salama, na tangu siku hiyo alimheshimu mume wangu kuliko nilivyomheshimu mimi. Alifundisha jiografia kwenye shule moja ya binafsi Randburg kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu, wenzake walidhani atajenga, au atanunua teksi. Yeye akanunua kombi ya dizeli, akaja nayo Troyeville, akatandaza ramani ya Asia juu ya boneti, akaweka kidole kwenye sehemu iliyopakwa rangi ya kahawia iliyokolea.

"Fundi, hapa miye nilifundisha batoto miaka makumi mbili na mbili," alisema. "Sijapaona na macho yangu."

"Kuna nini huko, Mwalimu?"

"Milima tu. Lakini milima mingi."

Nilicheka. Nilikuwa nimemletea Karimu chakula, nikacheka mpaka bakuli likanitikisika mkononi. Mzee wa watu mwenye pasipoti safi ya Afrika Kusini, ambayo wengine tunaiota usingizini, anaitumia kwenda kutazama milima! Mwalimu hakukasirika. Akatueleza njia yote kama yuko darasani: kombi itapanda meli Durban mpaka Uturuki, wao watapanda ndege waikute, halafu Jojia, kipande cha Urusi, Kazakstani, Uzbekistani, Tajikistani, na hapo ndipo barabara inapoingia kwenye milima ya Pamiri na kukaa juu siku nyingi kabla ya kuteremka Kirgizia. Mkewe, Maman Thérèse, alikuwa amekaa ndani ya kombi anapima madirisha kwa ajili ya mapazia.

"Miye milima haiko shida yangu," aliniambia. "Naenda kumuchunga ule muzee, asisahau kula."

Mwalimu alimwachia Karimu orodha ya kurasa mbili, mambo kumi na manne, ameyapiga chapa na kuweka kijisanduku kando ya kila moja ili kitiwe alama kazi ikiisha. Vifaa vyote alivinunua mwenyewe, vipya, vikiwa kwenye maboksi yao. Namba tisa ilikuwa themostati.

Nilikuwepo siku ya namba tisa. Ilikuwa Aprili, jua bado kali. Karimu alitoa ya zamani, akaichukua mpya, akaigeuza geuza, akacheka kwa pua.

"Mwalimu anajua ramani," akaniambia. "Mimi najua injini. Anakwenda milimani huyu. Milimani gari linafanya nini?"

"Linachemka," nikajibu, maana hata mimi nilikuwa fundi wa kusikia.

"Basi." Akafunga bila kuweka kitu, ile mpya akaitia kwenye kopo la skrubu, na kwenye kijisanduku cha namba tisa akaweka alama ya vema. Hakufanya hivyo kwa uvivu wala kwa wizi, nataka hilo lieleweke. Alifanya kwa mapenzi. Alimtolea Mwalimu kile alichokiamini kuwa ni ugonjwa.

Mwezi Mei kombi ikapelekwa Durban, kabla baridi ya Johannesburg haijaanza, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwasha hita ya kupasha joto ndani ya gari.

Meli ilichelewa, kisha karatasi za forodha zikachelewa, na walipoanza kuendesha kutoka Uturuki ilikuwa tayari mwisho wa Agosti. Mwalimu alituma sauti kwenye simu ya Karimu karibu kila siku. Tulikuwa tunazisikiliza wakati wa chakula kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari. Ya Jojia naikumbuka neno kwa neno.

"Fundi, tumepanda kutoka asubuyi mpaka saa sita. Magari ya benyewe ya hapa inasimama kando, inatoa moshi. Yetu, mushale ya moto iko chini kabisa, haisogee. Mungu abariki hiyo mikono."

Karimu aliicheza ile sauti kwa kila mteja aliyeingia kiwanjani. Aliicheza kwa Mreno, ambaye hajui Kiswahili. Mchungaji Ruphin wa kanisa la kina Mwalimu kule Bertrams alipoisikia alitikisa kichwa kwa furaha, akasema kombi tatu za kanisa zitahamia kwa Karimu mwaka mpya ukianza, Mwalimu mwenyewe ameshaandika barua ya kumdhamini. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama bwana harusi. Nikamtania kwamba sasa atataka mke wa pili, akasema atatosheka na jeki mpya.

Septemba wakavuka nyika ya Kazakstani, siku nne bila kuona kilima, na Mwalimu akawa analalamika kama mtoto aliyenyimwa pipi. Gari liliharibika bomba la moshi mahali fulani Uzbekistani, wakakaa wiki tatu wakisubiri kipande. Nasema haya ili ijulikane kwamba si Karimu peke yake aliyewafikisha juu ya milima mwishoni mwa Oktoba. Lakini nikisema hivyo najisikia kama wakili wa kukodiwa.

Alhamisi, saa tisa alasiri, sauti ikaingia. Huko saa zinatutangulia kwa tatu. Walikuwa Khorog, mji wa mwisho mkubwa kabla ya kupanda juu kabisa, mji wenye gereji na maduka ya vipuri. Mwalimu alilitaja hilo mwenyewe.

"Fundi, mambo iko muzuri, ila ile hita inapuliza baridi. Tumeiachilia saa nzima, baridi tu. Usiku maji ya kunywa iliganda ndani ya gari. Bibi anakohoa. Nifanye nini mbele ya kupanda kesho?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, Troyeville, na kapu langu la sambusa. Niliona uso wa mume wangu ukibadilika. Hita ya gari haina moto wake yenyewe, inauazima kwenye maji ya injini, na maji ya injini ile hayakuwa na moto wa kuazimisha. Karimu alilijua hilo palepale. Hakuhitaji kufungua chochote. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akitoa themostati kwenye magari ya watu wanaokwenda kwenye joto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari ya hita.

Akabonyeza simu. Nikangoja nisikie atakalosema.

"Mwalimu, hiyo ni hewa imeingia kwenye mipira. Legeza ule mpira wa juu, toa hewa, kagua na fyuzi ya feni."

Mwalimu akamwamini. Kwa saa mbili alilala chini ya gari kwenye barafu, mwanamume wa miaka sitini na moja, akitoa hewa ambayo haikuwepo. Mwishoni akatuma sauti ya shukrani, anasema bado, lakini ataendelea kuiangalia, na asubuhi wanapanda.

Karimu hakula usiku ule. Mimi nilikula.

Ijumaa alirudi kutoka msikitini na macho mekundu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kanzu yake, akasema, "Namwambia leo."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba sikuiweka. Arudi Khorog wamfungie."

Hapo sasa naomba nisijipambe. Nilikuwa nimekanda unga, mikono imejaa, na nilikasirika. Nilimwambia ukisema leo, kesho kanisa zima litajua. Nikamwambia kila kombi iliyopita mikononi mwako itafunguliwa, na kila moja itakutwa tupu pale, na hawatasema Karimu alikosea, watasema Mtanzania yule alikuwa mwizi wa vipuri. Kombi za mchungaji utazisahau. Mreno atakutoa kiwanjani. Nikamwambia, "Unajitia kitanzi kwa ajili ya mafua ya mtu. Wamevaa makoti. Siku tatu watakuwa wameteremka upande wa pili."

"Na wakiumwa?"

"Watakunywa dawa. Karimu, nyamaza."

Nilisema hivyo. Nyamaza. Mtu anaweza kutafuta neno laini zaidi, lakini mimi ndilo nililolitumia.

Mwishowe akapata njia yake ya katikati. Alikumbuka dereva mmoja wa malori ya Lesotho aliyewahi kumwambia kwamba kule kwao wakati wa theluji wanaziba rejeta kwa kipande cha boksi, upepo usiipige, na injini inapata moto hata ikiwa mbovu. Akamtumia Mwalimu: zibeni rejeta kwa boksi. Hakusema kwa nini. Mimi nikaona amekuwa na akili.

Lakini Mwalimu alikuwa mwalimu. Mtu aliyefundisha miaka ishirini na miwili huwezi kumpa jibu bila sababu. Jioni ile ile akarudisha sauti kutoka nyumba ya wageni mjini Murghab, juu kabisa, ambako walikuwa wamefika wakitetemeka.

"Fundi, kuziba rejeta? Kitabu ya gari inasema ile kazi ni ya themostati. Ni ile namba tisa. Uliiweka, si ndiyo?"

Karimu alinitazama. Kuna namna mtu anakutazama akiomba ruhusa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, na nikatikisa kichwa kumkatalia.

"Niliiweka, Mwalimu," alisema kwenye simu. "Ipo."

"Basi minaacha kuziba. Sitaki kuchemusha injini juu ya mulima. Aksanti, Fundi. Salamu kwa Mama Sumaiya." Mama Sumaiya ni mimi.

Jumamosi walitoka Murghab kuelekea ziwa Karakul. Karimu alikwenda Troyeville lakini hakugusa kazi. Nilimkuta mchana amekaa juu ya tairi, simu mapajani, spana hata haijatoka kwenye sanduku. Nikaketi kando yake. Saa kumi sauti ikaingia, na nyuma yake tulisikia upepo mkali na kikohozi cha Maman Thérèse.

"Fundi, theluji imefunga njia. Hatuendi mbele, haturudi nyuma. Chauffeur mumoja wa lori alitupita kabla ya njia kufungwa, akasema kesho asubuyi mashini itakuja kufungua. Usihangaike. Thérèse amewasha jiko ya gaz humu ndani, tumefunga kila mahali, tunaanza kusikia moto kidogo. Naizima telefone, batri inaisha. Kesho."

Karimu aliruka kutoka kwenye tairi. Sijawahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Mwalimu, zimeni jiko! Fungueni dirisha! Zimeni hilo jiko sasa hivi! Sikuiweka themostati, nimekudanganya, sikuiweka, zibeni rejeta kwa boksi muwashe injini, injini itapata moto, zimeni jiko, Mwalimu!"

Kila mtu wa Johannesburg anajua habari ya jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Kila baridi inapoingia tunasikia familia imekutwa asubuhi imelala, mkaa umekuwa majivu katikati yao. Mwalimu naye alijua, lakini baridi ikizidi mtu haikumbuki hatari asiyoiona.

Ile sauti ya Karimu ilikaa na alama moja. Kwa wanaotumia simu hizi, alama moja maana yake imetoka kwako na haijafika kwake. Akapiga, simu haipatikani. Akapiga simu ya Maman Thérèse, haipatikani. Alipiga mpaka Mreno akatoka kuuliza nani amekufa.

Jumapili mchana Mchungaji Ruphin akatupigia. Dereva wa lori aliyekuja nyuma ya mashine ya kufungua njia alimkuta Maman Thérèse amepiga magoti kwenye theluji kando ya mlango wa kombi, hawezi kusema. Alikuwa ameamka na kichefuchefu, akafungua mlango atapike, akaanguka nje, na kule kuanguka ndiko kulikomwokoa. Mwalimu alikuwa ndani, amekaa, kofia kichwani, amefumba macho. Walimzika kule kule Murghab. Waislamu wa mji ule walimchimbia kaburi pembeni, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda waliwasha moto juu yake kutwa nzima kabla jembe halijaingia. Simu yake ilichukuliwa na polisi na haikurudi tena. Ile alama moja iko moja mpaka leo.

Kwa hiyo hakuna ambaye angejua. Kombi ilibaki kule, simu ilibaki kule, mwenye swali lake alibaki kule. Nilimwambia Karimu hivyo. Naam, nilimwambia tena. Akaenda kuoga.

Maman Thérèse alirejea mwishoni mwa Novemba, na matanga yakafanyika nyumbani kwao Bertrams. Turubai lilifungwa uani, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani kwenye magodoro yaliyotandikwa sebuleni, mlango mkubwa ukiwa wazi ili pande mbili zisikilizane. Nilipeleka sambusa mia mbili. Nilivua viatu mlangoni nikakaa karibu na Maman Thérèse, ambaye alikuwa amekonda mpaka pete inamcheza kidoleni. Alinishika mkono, akawa hauachi.

Wenzetu hawa katika msiba wana desturi ya ushuhuda. Mmoja mmoja anasimama anasema marehemu alikuwa mtu gani kwake. Walisimama walimu wa Randburg, akasimama Cédric, mdogo wake Maman Thérèse, akasimama mwimbaji wa kwaya. Kisha Maman Thérèse mwenyewe akainua sauti kutoka pale godoroni.

"Fundi Karimu eko wapi? Asimame. Huyu njo mutu aliongea na bwana yangu mpaka siku ya mwisho. Kila siku alitusikiliza. Bandugu wa damu balichoka na sauti za Évariste, huyu hakuchoka."

Karimu akasimama. Kutoka nilipokaa nilimwona kupitia mlangoni, amevaa kofia yake ya vito, mikono ameishika mbele kama anaswali. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nitasema ukweli, sikumhurumia. Nilichofikiria ni chumba chetu cha Mayfair.

"Maman Thérèse, na nyote mliopo," alisema. "Mwalimu alinipa themostati mpya niifunge. Sikuifunga. Nilijiona najua zaidi yake. Ndiyo maana hita yenu haikutoa moto, na ndiyo maana mkawasha jiko. Aliniuliza kwa mdomo wake kama niliiweka. Nikamwambia niliiweka."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Wengi pale hawakujua themostati ni nini. Maman Thérèse alielewa, maana alikuwemo ndani ya gari swali lile lilipoulizwa. Mkono wake ukauachia wangu. Akainuka taratibu, akaenda mpaka mlangoni, akasimama pale.

"Ulijua siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi, Maman. Mlipokuwa Khorog."

"Alhamisi Évariste alilala chini ya gari saa mbili. Alirudi ndani, mikono haifungi, miye nilimufungia vifungo vya koti. Alisema, Fundi anajua."

"Ndiyo, Maman."

"Siku ya Posho njo alikufa." Posho ndiyo Jumamosi kwao.

"Ndiyo."

Cédric alikuwa ameshavuka viti viwili, mchungaji amemkumbatia kiunoni. Watu wakaanza kuelezana kwa Kifaransa, sauti zikapanda. Maman Thérèse akanyoosha kiganja, wakatulia.

"Nani mwingine alijua?" aliuliza.

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nilikuwa nimefunikwa na mlango nusu. Karimu hakuangalia upande wangu hata kidogo, na mtu ambaye haangalii upande fulani kwa bidii namna ile anaonekana, lakini hakuna aliyekuwa anamchunguza.

"Mimi peke yangu," alisema.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu wakisema nilipigwa na bumbuwazi watakuwa wananipendelea. Nilihesabu pumzi zangu, zilikuwa nne, tano, na katika kila moja nilikuwa na nafasi ya kusema lile neno nililomwambia akiwa kitandani na kanzu yake. Sikulisema.

"Mumuache aende," Maman Thérèse aliwaambia wanaume. "Asiguswe hapa kwa Évariste. Aende tu."

Wakampisha njia. Alipita katikati ya viti hadi getini, hakuna aliyemgusa, na wala hakugeuka kuona kama namfuata. Nikainuka. Nikatafuta kanga yangu, nikajifunga, nikaenda mlangoni ambako viatu vyangu vilikuwa vimechanganyika na vya watu. Maman Thérèse alikuwa bado amesimama palepale. Nilidhani atanipita, au atanitemea mate, na nilikuwa tayari kwa hilo. Badala yake akanikumbatia. Alinishika kichwa kwa nyuma kama mtu anavyomshika mtoto wake, nikasikia machozi yake shingoni.

"Mama Sumaiya, weye hauna kosa," alisema. "Pole na bwana kama ule. Utakuwa unakuja kunisalimia?"

"Aksanti, Maman," nikamwambia. "Nitakuja." Nikavaa viatu vyangu nikatoka.